Anemoni kwanza, samaki klauni baadaye

Tangini nyumbani, samaki klauni anaishi miaka mingi bila anemoni, mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo klauni hujificha, na ananawiri. Asiyesamehe makosa ni anemoni, kwa hiyo maandalizi yote yamlenge yeye.

Tangi liwe limetimiza miezi 6. Uzito wa maji ya chumvi ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi uwe 1.025 hadi 1.026, joto nyuzi 25 hadi 27, amonia na nitriti (sumu zinazotokana na uchafu wa tangini) sifuri. Tangi jipya hupima vizuri leo, wiki ijayo linayumba.

Anayeanza achukue anemoni aitwaye Entacmaea quadricolor, yule mwenye ncha za minyiri zilizovimba. Kumbuka tu kwamba ocellaris, klauni wa rangi ya chungwa anayeuzwa kila mahali, baharini hakai na huyu. Tangini mara nyingi humkubali, ila akikataa usishangae. Wanaojuana tangu baharini ni quadricolor na klauni aitwaye Amphiprion allardi wa mwambao wetu wa Afrika Mashariki.

Dukani tazama anemoni mwenye mdomo uliofumba na mguu, yaani kitako anachoshikia jiwe, usiochanika. Anemoni mweupe pe si rangi adimu, hata muuzaji aseme nini: amepoteza mwani unaoishi mwilini mwake na kumlisha kwa mwanga.

Kabla hajafika, funika midomo yote ya pampu kwa sponji. Siku za mwanzo hutembea, na akinyonywa na pampu usiku, vipande vyake vinaweza kuua samaki wote kabla ya asubuhi. Akifika, acha mfuko wake uelee tangini dakika 20, kisha mdondoshee maji ya tangi kwa mpira mwembamba, matone 2 au 3 kwa sekunde, kama saa moja. Zima pampu, mweke penye ufa wa jiwe, mguu chini. Akishika, washa. Taa anza na nusu ya nguvu, uongeze kwa wiki mbili.

Samaki wasubiri hadi anemoni aache kuhamahama na awe anakula. Leta wawili wadogo, mmoja amzidi mwenzake kidogo. Huyo mkubwa ndiye atakuwa jike. Wakishaugua ugonjwa wowote, tiba ya shaba itolewe tangi lingine, kwani shaba huua anemoni.

Klauni huanza kwa kugusa minyiri kwa mkia au tumbo, anarudi nyuma, anagusa tena, mpaka ute wake uzoee. Huchukua saa chache au miezi. Klauni wengine huangukia kuipenda pampu. Kumsukuma kwa wavu ni kumwumiza bure. Kinachosaidia ni kuwazungushia kikapu cha plastiki chenye matundu, wao na anemoni, siku chache. Anemoni mdogo kuliko samaki mwenyewe atasuguliwa mpaka ajikunje asifunguke.

Mlishe anemoni kipande cha nyama ya kamba cha ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo, mara moja au mbili kwa wiki. Akikitema, kilikuwa kikubwa.

Anemoni kunywea na kutoa uchafu wa kahawia ni kawaida. Mdomo ukibaki wazi, mguu usishike tena na maji yakanuka, mtoe saa ileile, ubadilishe robo ya maji na uweke kaboni (mkaa wa kusafishia maji) kwenye chujio.