Nilivyotandika Mazulia ya Kale ya Moroko Nyumbani Kwangu

Nilipohama Tanga kwenda Rabat kikazi, sikudhani kwamba kitu cha kwanza kitakachonisumbua kingekuwa sakafu. Nyumba niliyopanga ina marumaru kila chumba na, kama zilivyo nyumba nyingi za hapa, haina chochote cha kuipasha joto, hivyo ifikapo Januari miguu hufa ganzi. Kwetu tunatandika mkeka tupate ubaridi. Hapa ilinibidi nitandike ili niukimbie.

Zulia la kwanza nililinunua kwa pupa. Muuzaji aliniapia kwamba lina umri wa miaka 60, nami nikaamini kwa kuwa rangi zake zilikuwa zimepauka vizuri. Wiki ya tatu nililimwagia chai, na ule wekundu ukachuja mpaka kwenye marumaru, mithili ya kanga mpya inayofuliwa mara ya kwanza. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa milima ya Atlas, alizitenganisha nyuzi kwa vidole, akanusa, kisha akacheka. Alinieleza kwamba jua hupausha ncha kwanza, na rangi huzidi kukolea kadiri unavyoshuka kwenye fundo, ilhali langu lilikuwa limefifia sawasawa toka ncha hadi shina, tena lilinuka dawa ya kung'arishia nguo.

Tangu siku hiyo sikwenda sokoni bila kitambaa cheupe mkobani. Nakilowesha, nasugua pale penye wekundu mkali, na kikitoka na rangi naaga kwa heshima, hata kama kahawa yangu ya ukarimu bado ina moshi. Vilevile nalipindua zulia nitazame mgongo wake, kwa maana huko ndiko viraka hujificha.

Nilipata la pili Khemisset, mji ulio kama kilomita 80 mashariki mwa Rabat, katika soko la Jumanne. Lilikuwa hanbel, yaani zulia lililofumwa bapa bila manyoya, la Wazemmour, kabila la Waberberi wa eneo hilo, jekundu, lenye mistari ya nakshi ndogondogo. Baadaye nikaongeza la Boujad, mji mwingine wa Moroko, lenye rangi ya waridi na ya chungwa zilizofifia, na boucherouite moja, ambalo wanawake hulifuma kwa vipande vya nguo chakavu; nadhani hilo ndilo lenye ucheshi kuliko yote, kwani humo nimetambua pindo la sweta na kitu kinachofanana na pajama ya mtoto.

Kuyanunua hakukunichosha kama kuyapatanisha. Siku ya kwanza niliyatandika haya matatu ya baadaye sebuleni, na chumba kikawa kama watu watatu wanaozungumza kwa wakati mmoja. Niliyahamisha huku na huku karibu mwezi mzima kabla sijaelewa kwamba hayakuhitaji kufanana, ila yalihitaji rangi moja ya kuyaunganisha, nayo ilikuwa nyekundu, kwa sababu ilikuwamo katika yote kwa viwango tofauti. Zulia la Boujad likabaki sebuleni peke yake, hanbel ikaenda koridoni ambako urefu wake na wembamba wake ulipata mahali, na boucherouite nikalitundika ukutani juu ya kitanda, nikilishona kwenye utepe wa pamba ili uzito usivute sehemu moja. Kuta niliziacha nyeupe. Kochi nililivika kitambaa cha rangi ya mchanga, na mito yenye maua niliyokuja nayo nikaigawa, ingawa iliniuma.

Hanbel huteleza mno juu ya marumaru, kwa hiyo chini yake nimeweka raba nyembamba iliyokatwa ndogo kidogo kuliko zulia lenyewe. Kila baada ya miezi michache nayageuza ili upande mmoja usikanyagwe peke yake, na nainua kingo nikitafuta nondo, ambao hupenda sufu iliyotulia gizani. Matamvua siyapitishii mashine ya kufyonza vumbi. Nilifanya hivyo mara moja, na mashine ikameza mawili.

Imebaki kona moja karibu na dirisha, ambako jua la mchana hupiga moja kwa moja. Zulia lolote la rangi lingeharibika pale, kwa hiyo nimetandika mkeka wa ukindu ambao mama alinitumia kutoka Tanga.