Meza ya CNC plazma kwa karakana ndogo: fremu utachomelea mwenyewe, hela peleka kwenye hewa na tochi

Siku hizi kila fundi mwenye karakana ananitumia picha ya meza ya CNC plazma aliyoiona mtandaoni, yaani meza ambayo kompyuta inaiendesha tochi ya plazma ikate chuma kwa kufuata mchoro, afu swali ni lilelile, hii vipi mkuu, inafaa? Na matangazo yenyewe yanaimba wimbo mmoja: meza kubwa, fremu nzito, inakata mpaka milimita sijui 30. Mi msimamo wangu nausema mapema ili asiye na muda aondoke nao: fremu ndo kitu cha mwisho cha kukuumiza kichwa. Jamani sisi ni watu wa kuchomelea, sanduku la chuma lenye miguu sita litushinde? Hela yako ipeleke kwenye mashine ya plazma yenyewe, kwenye hewa, na kwenye kile kidude cha kupandisha na kushusha tochi kinachoitwa THC. Hivyo vitatu vikiwa vibovu, hata meza iwe na tani mbili utakata takataka tu.

Saizi tuimalize haraka. Mashiti tunayouziwa mengi ni futi 8 kwa 4, yaani 2440 kwa 1220. Meza za China zinazoitwa 1325 zina eneo la kukatia la mita 1.3 kwa 2.5 hivi, shiti zima linalala humo. 1530 ni mita 1.5 kwa 3, tamu, ila itakula karakana yote na utabaki unachomelea mageti barabarani. Zile ndogo za Wamarekani mnazoziona YouTube, mfano CrossFire ya Langmuir Systems ile ya mwanzo, eneo lake ni kama futi 2 kwa 2, kwa mtu anayekata vitu vidogo nyumbani kwake ni kifaa safi, lakini wewe fundi mageti itabidi kila shiti ulichane kwanza kwa grinda ndo liingie, sasa CNC umenunua ya nini? Kama nafasi hamna, kuna zile za kubebeka, reli moja imelala na mkono mmoja unatoka pembeni, unaiweka juu ya pleti popote pale. Bei yake inavumilika na kazi inafanya. Ila ushike ule mkono kwa mwisho kabisa, utikise kwa kidole, ukicheza jua kwamba pleti za milimita 8 au 10 zinazokatwa taratibu utakata bila shida, lakini maua ya geti ya 1.5 kila kona itatoka na mawimbi.

Na hapo kwenye 1.5 ndo wengi hawaelewi. Tumezoea kudhani chuma kinene ndo kigumu kwa mashine, kumbe kwa meza yenyewe kibaya ni kile chembamba. Shiti la 1.5 ukilikata kwa ampea 45 linataka tochi ikimbie zaidi ya mita 6 kwa dakika, wakati pleti ya milimita 6 inataka mita moja na kidogo tu. Sasa meza inayosukumwa na skrubu ndefu, au mota dhaifu, haifiki hiyo spidi, na hata ikifika kwenye mstari ulionyooka, kwenye kona na maua inapunguza mno, joto linajaa, chini inatoka slagi nene, yaani chuma kilichoyeyuka kikagandia, na shiti linapinda. Kwa hiyo unapouliza spidi ya mashine usiridhike na namba ya juu kabisa waliyoandika, omba video inakata ua dogo lenye kona nyingi kwenye shiti jembamba. Gia na raki (reli yenye meno) kwa mhimili mrefu mi naona ni bora kuliko skrubu, na vumbi la chuma halizisumbui sana.

Mashine ya plazma sasa. Kuna namba tatu na wauzaji wanapenda kukuonyesha ile kubwa peke yake. Chukua Hypertherm Powermax45 XP maana makaratasi yake yako wazi: kutenganisha chuma, yaani kukichana tu kibaya hivyohivyo, milimita 29. Kukata kwa ubora unaoeleweka, milimita 16. Kutoboa katikati ya pleti kwa mashine, milimita 12. Kwenye CNC karibu kila kipande kinaanza kwa kutoboa, kwa hiyo namba yako wewe ni hiyo 12, sahau 29. Ukiona mashine ya bei chee imeandikwa inakata 25 na hawasemi kutoboa ni ngapi, we kata nusu kichwani mwako ndo uendelee na mazungumzo. Afu angalia asilimia ya kazi na mapumziko. Wanapima kwa dakika 10, asilimia 60 maana yake inakata dakika 6 inapumzika 4, na fundi wa mkono haoni tabu maana mwenyewe anapumzika, anageuza pleti, anapiga stori. Meza haipigi stori. Ndo maana kama kazi zako ni za ampea 45 tafuta mashine ya 65 au zaidi, iwe inakata kwa raha bila kuzima katikati ya kipande.

Hizi za China za familia ya LGK, 63, 100, 120, sizidharau hata kidogo, vipuri vya tochi yake ya P80 vinapatikana na havifilisi mtu. Tatizo la nyingi ni namna ya kuwasha arki, ule mwali wa umeme unaokata, zinatumia haifrikwensi, ule umeme mkali wa kurukia. Ule unaingia kwenye nyaya za kontrola, kompyuta inayoongoza meza, na vituko vyake utaviona: kishale kinajiendesha, skrini inaganda, tochi inasahau iko wapi katikati ya shiti. Kama unaweza chukua inayowasha kwa hewa kusukuma elektrodi (kipande cha ndani ya tochi arki inakotokea), isiyo na haifrikwensi, na iwe na soketi ya CNC ya kutolea volti za arki. Kama huwezi, basi chimbia fimbo ya shaba ardhini pembeni ya meza, unganisha fremu yote, na nyaya za mota zipite njia yake mbali na kebo ya tochi. Umeme nao usibahatishe. Powermax45 ya fezi moja ikikaza inavuta ampea 30 na kitu, LGK za 100 kwenda juu ni za fezi tatu, na juu ya hapo kuna kompresa. Mwite fundi umeme aangalie laini yako kabla hujalipia mashine, sio siku inashushwa kwenye gari.

THC. Hapa ndo pa kukazia macho. Tochi inatakiwa ikae kama milimita 1.5 juu ya chuma muda wote wa kukata, na wakati wa kutoboa ipande kidogo, kwa Powermax45 ni 3.8, ili chuma kilichoyeyuka kisirukie nozo, ile ncha ya tochi yenye tundu. Sasa niambie, shiti gani la kwetu limenyooka kiasi hicho? Limelala nje dukani, limepakiwa kwenye guta, limekunjwa kona, na likianza kupata joto linainuka lenyewe katikati. Bila THC tochi itagonga au itakaa juu sana na mkato utainama. Kinachofanyika ni hivi, tochi ikiwa juu arki inarefuka na volti zinapanda, ikishuka volti zinapungua, THC inasoma hizo volti mara nyingi kwa sekunde na kusogeza mota ya juu-chini. Rahisi. Ila kuna mitego miwili na muuzaji lazima akujibu yote. Kwanza, ikifika kwenye kona spidi inapungua, volti zinapanda, THC inadhani tochi iko juu, inaichomeka chini kwenye chuma. Kwa hiyo lazima mashine iweze kuigandisha THC kwenye kona na matundu madogo. Pili, kabla ya kutoboa inajuaje shiti liko wapi? Nyingine zinagusa kwa nozo na kusikia umeme, nyingine tochi imekaa kwenye kitelezi chenye swichi. Ya kwanza ni sahihi zaidi ila kwenye meza yenye beseni la maji chini ya shiti nozo ikilowa inadanganyika, mi napenda zote mbili ziwepo. Na kishikio cha tochi kiwe cha sumaku, kipande kikiinuka na tochi ikikigonga kinaachia, hujavunja kitu.

Jambo moja zaidi hapohapo: katikati ya elektrodi kuna kidoti cha hafniamu, kinalika kadri unavyokata na kuacha kishimo. Kishimo kikiwa kirefu volti zinapanda zenyewe, THC inashusha tochi, unashangaa mbona leo inagonga na jana ilikuwa fresh. Pima kishimo, kikifika milimita 1.6 tupa.

Kinachoua hizo elektrodi mapema ni hewa mbovu, na kwa sisi tuliopo pwani hili ndo kubwa kuliko yote. Hewa ya Dar ina maji, bana. Kompresa inaibana, inatoka ya moto ikiwa na mvuke, inapita kwenye kichujio cha kioo palepale kwenye kompresa kama haijui kitu, maana mvuke wa moto kichujio hakiukamati, inaenda kupoa mbele kwenye hose na hapo ndo yanakuwa maji, yanaishia kwenye tochi yenye joto la zaidi ya nyuzi 20,000. Nozo inatatarika, tundu linakuwa yai, mkato unainama upande mmoja. Dawa ni kuipoza hewa kwanza ndo uichuje. Paipu ya chuma ndefu inayopanda ukutani na kushuka, yenye koki ya kutolea maji chini, afu kichujio, afu draya ya kukausha hewa. Ya friji ikiwezekana, kama mfuko hauruhusu ile ya punje za silika zinazobadilika rangi zikishiba maji, unazikausha kwenye jiko unarudisha. PVC usitumie, najua ni rahisi na mafundi wengi wanazifunga, ikipasuka na presha inaruka vipande kama visu.

Na ujazo pia. Powermax45 inataka lita 188 kwa dakika kwenye bar 5.9. Kompresa ndogo ya lita 50 ya farasi wawili haifiki hapo, na namba iliyobandikwa kwenye tangi mara nyingi ni hewa inayovutwa, sio inayotoka. Kwa mkono utavumilia unasubiri ijae, kwa CNC presha ikishuka katikati ya kipande umeharibu shiti. Kupima ubora ni rahisi: fungulia hewa bila kuwasha arki, weka kioo kisafi mbele ya tochi. Ukiona ukungu au mafuta, usikate.

Ukienda kuangalia mashine usikubali sampuli zilizokatwa tayari mezani kwake. Beba pleti yako ya milimita 6, mwambie akukatie mraba wa milimita 100 wenye tundu la 12 katikati. Pima kona kwa kona, namba mbili zilingane. Ingiza bolti kwenye tundu. Geuza uangalie slagi: ikiwa nene ya povu inayodondoka ukigonga, alikata taratibu mno, ikiwa kamstari kembamba kagumu kanakotaka grinda, alikimbiza. Pande zote nne zikiinama sawasawa ni urefu wa tochi, upande mmoja tu ukiinama ni nozo imechoka au tochi haijasimama wima. Angalia pia mzunguko, nje ya kipande inatakiwa ikate kufuata saa na tundu la ndani kinyume chake, maana hewa inazunguka na upande wa kulia wa tochi ndo unatoka mnyoofu. Kama opareta wake halijui hilo, hata mafunzo atakayokupa yatakuwa ya kuungaunga.

Maji chini ya shiti mi nayapendelea kuliko feni, yanashika vumbi na moshi. Lakini aluminiamu juu ya maji kaa nayo kwa akili, mabaki yake yanatoa haidrojeni, inajikusanya chini ya shiti na cheche ya kwanza inalipuka. Na mabati ya zinki, yale mambo ya kunywa maziwa ndo uendelee kuvuta moshi hayasaidii kitu, maziwa yanaenda tumboni na moshi uko kwenye mapafu.

Kabla ya yote haya kuna laser za faiba, mjini wapo wanaokata kwa kulipwa. Kama kazi zako zote ni maua ya 1.5 na herufi ndogo, wapelekee, plazma haitakupa ule ukali, njia yake ya mkato ina upana wa karibu milimita moja na nusu. Plazma inalipa kwa mwenye pleti za 4 mpaka 12, mabano, flanji, besi za nguzo, vipuri vya trela.

Na programu uanze nayo leo, mashine haijafika. Za kuchorea, LibreCAD na Inkscape, ni bure, unatoa faili la mchoro la DXF, na kontrola nyingi za China kama F2100B zinasoma kazi kutoka kwenye fleshi. Anayependa kujijengea kuna programu ya kuendeshea meza, LinuxCNC na QtPlasmaC yake ya plazma, bure pia. Chora geti zima, kila mstari ukutane na mwenzake bila mwanya, maana mwanya wa nusu milimita usioonekana kwenye skrini ndo unaofanya programu ikatae kipande au ikikate kama mstari ulio wazi. Ukishindwa hapo kwenye kompyuta, oda isubiri kwanza.