Kaburi la muvi kwenye shamba la bibi

Juzi dogo mmoja kanipigia, kapewa namba yangu na sijui nani, anasema wanataka kwenda kushuti video ya wimbo Pangani na ameliona lile shamba la minazi kwenye ile muvi yetu ya zamani, mtu kaipandisha YouTube, sasa anaomba nimuunganishe na mwenye shamba waombe ruhusa. Nikacheka peke yangu ndani ya daladala mpaka dada niliyekaa naye siti moja akajisogeza dirishani. Nikamwambia dogo nitakupigia. Sijampigia.

Mnaonijua mnazikumbuka zile enzi, Kanumba yuko hai, kila mwenye kamera ni dairekta, na stori moja inakatwa part 1 na part 2 ili Kariakoo waiuze mara mbili. Mimi nilikuwa naitwa meneja wa produksheni, kazi yangu kutafuta jenereta, kutafuta wali na kutafuta mahali pa kushuti. Kibali cha bodi ya filamu alihangaikia bosi huko huko Dar, kile cha sheria ya mwaka 1976, unapeleka skripti wanaisoma. Lakini ukifika kijijini na karatasi ya Dar watu wanaiangalia, wanakurudishia, wanakuuliza umekuja kwa nani.

Stori yetu ilitaka kaburi, na muvi gani ya wakati ule haikutaka kaburi. Kijana kachukuliwa msukule na shangazi yake, ndugu wanazika mgomba uliovishwa sanda wakidhani ndiye yeye, part 2 anaonekana shambani analima usiku. Dairekta alikuwa anataka iwe kwenye mkonge, anaota zile safu zinazokwenda mpaka macho yanachoka, na kwa kweli Pangani ndiyo kwenyewe, ng'ambo ya mto kule Kikokwe ndiko yule Mjerumani Hindorf alikopanda miche yake mwaka 1893, iliyotoka Florida na kufika hai 62 tu, mkonge wote wa Tanga ukaanzia hapo. Ila shamba la mkonge lina ofisi, ofisi ina meneja, meneja anataka barua iende makao makuu, na sisi hela ya gesti ilikuwa inahesabika. Tukaachana na mkonge tukaangukia kwenye minazi upande huo huo wa Bweni.

Mwenyekiti wa kijiji hakutusumbua. Tulipita naye, akatuonyesha kwa kidole hapa panafaa, kaandika barua, kagonga muhuri, kachukua ya soda. Dairekta akasema tumemaliza, kesho alfajiri kamera iwe juu ya stendi. Aliyeharibu raha ni mama ntilie tuliyempa oda ya chakula, huku anachota maharage kauliza tu, "Na Bi Mkubwa mmeshamwambia?" Tukatazamana.

Dairekta alitaka twende wote na kamera, nikamwambia wewe kaa, ukifika pale utaanza kueleza skripti hujamaliza hata salamu. Nikaenda peke yangu.

Nilimkuta kibarazani, kakaa mkekani anasuka ukili. Wa pwani mnaijua ile mikono, mwenyewe anakuangalia wewe na vidole vinaendelea na safari yao. Nikabisha hodi kwa mbali, nikavua viatu, nikakaa pembeni ya mkeka.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Tanga mjini bibi, Chumbageni."

"Chumbageni kwa nani?"

Nikamtaja babu yangu. Ukili ukaenda kidogo.

"Yule wa reli?"

"Huyo huyo."

"Alikuwa mkorofi."

"Ndiyo bibi."

Ikaonekana hilo limenisaidia. Akamwita binti aliyekuwa ndani, ikaja kahawa na tende, nikanywa, tukaongea mvua, tukaongea bei ya nazi, tukaongea kivuko kilivyoharibika watu wakalala ng'ambo. Shida yangu nimeikalia. Mwenyewe ndiye aliyesema, haya mjukuu wangu, sema kilichokuleta.

Nikasema. Nikaeleza vizuri, muvi, vijana, Dar, barua ya mwenyekiti ipo. Nilipotaja kaburi mikono ikasimama. Nawaambia nimewahi kuomba ruhusa kwa watu wenye bunduki getini na sijaogopa kama nilivyoogopa ile mikono iliposimama.

"Mnataka kuchimba kaburi shambani kwangu."

"La kuigiza tu bibi."

"La kuigiza lina urefu gani?"

"Kama... la kawaida."

"Basi kaburi hilo. Anaingia nani?"

"Haingii mtu. Tunaweka mgomba."

"Mgomba wa nani?"

Hapo nikakwama, kwa sababu mgomba tulikuwa tumepanga kuukata hapo hapo kwake. Nikasema tutanunua.

"Mtauvisha sanda."

"Ndiyo."

"Na kuusalia?"

"Hapana bibi, hatuusalii, kamera inaishia kwenye kutia mchanga."

"Afadhali." Akanitazama. "Ng'ambo pale Wajerumani walimnyonga Abushiri. Alikufa kweli. Hakuna aliyenyanyuka jioni akala ubwabwa na waliomzika."

Mimi nikacheka, yeye hakucheka, nikakizima kicheko katikati nikajifanya nakohoa tende. Akarudi kwenye ukili. Hakusema ndiyo, hakusema hapana, anasuka tu, na mimi sijui niondoke au niongeze neno, nikawa nautazama ule ukanda unavyojikunja chini kando ya goti lake, nikawaza dairekta atakavyonimaliza, nikawaza babu alimfanyia nini huyu mama. Binti akaja akachukua vikombe. Akaondoka. Kuku wakapita.

"Chimbeni," akasema. "Lakini si pale alipowaonyesha mwenyekiti. Nitawaonyesha mie."

Akachukua fimbo yake, tukaenda mpaka mwisho kabisa wa shamba, kupita kisima, kwenye nafasi moja wazi karibu na mkwaju mkubwa. Akachoma fimbo mchangani. Hapa. Akasogea. Na hapa. Akasogea tena. Na hapa.

"Bibi, sisi kaburi letu moja."

"Na mie mashimo yangu matatu. Shimo la mtu haliachwi tupu wala halifukiwi tupu. Mkishatoa mgomba wenu tutatia mnazi, na haya mengine mawili vile vile, miche ninayo. Na hiyo kamera inichukue nikipanda, sura ionekane. Na mwenyekiti awepo."

Nikamuuliza tumpe shilingi ngapi. Akaniangalia nikajuta kuuliza.

Gesti nikaripoti kwamba ni mambo ya mila, kaburi tupu linaita mwenyewe, lazima lizibwe na kitu kinachoota. Niliamini hivyo mwenyewe. Dairekta akasema sawa bwana, mila tuheshimu, vijana wakachimba mashimo matatu kwa malipo ya moja wakinung'unika. Kushuti kwenyewe sina mengi, mgomba ulikuwa mrefu kuliko kaburi tukaukata, aliyeigiza mama wa marehemu alilia vizuri mpaka watoto wa kijiji wakaanza kulia nao, jenereta likazima mara kadhaa, mkaijua wenyewe muvi ilivyotoka.

Halafu zamu ya bibi. Kaja na kanga mpya kabisa, doti, bado ina gundi. Kainama kwenye shimo la kwanza, kaweka mche, kafukia kwa mikono. Kisha akasimama akaiangalia kamera moja kwa moja, akasema jina lake, la baba yake na la babu yake, akasema leo napanda minazi yangu mitatu kwa mkono wangu, na shamba hili linaanzia kisimani linakwenda mkwajuni linashuka mpaka njia ya pwani. Kameramani aliniangalia kama aseme kata, nikamfanyia ishara aache, mtu mzima humkati. Mwenyekiti alikuwa hapo, jua kali, anatikisa kichwa kukubali kila neno, sidhani alikuwa anasikiliza.

Mchana ikafika bodaboda na jamaa wa makamo, shati la mikono mirefu, mtoto wa marehemu kaka yake bibi. Nani kawapa ruhusa kwenye shamba letu? Nikatoa barua ya mwenyekiti, kumtafuta mwenyekiti mwenyewe ghafla ana kikao. Jamaa akaanza kutudai pesa, sauti juu, mara akaiona ile miche na sisi akatusahau kabisa. "Nani kapanda hii?" Bibi alikuwa kwenye kivuli anasuka. Hakumjibu, wala hakuinua uso.

Ndipo ikaanza kuniingia. Kwa karatasi za serikali ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na kijijini zinatoka hati za kimila kwa ile sheria ya 1999. Lakini huku pwani tangu zamani ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa yule. Watu wanarithishana minazi, wanauziana minazi, na kwa mirathi ya Kiislamu binti akigawana na kaka yake anapata nusu ya fungu la kaka. Minazi mizee ya baba yao ilikuwa na ugomvi wake. Ila mnazi uliopanda mwenyewe, mbele ya mwenyekiti, watu wa Dar wanaangalia, nani atakugawia nusu? Na mti ukisimama, atakayesema hapo si pako ana kazi.

Sasa sijui. Labda alituona tukipita na mwenyekiti jana yake akapanga yote hata sijabisha hodi. Labda lile la shimo tupu alilimaanisha kweli, kwa sababu alivyoniuliza kuhusu kuusalia mgomba hakuwa anaigiza. Mama yangu anasema yote mawili, na kwamba nimechukua muda mrefu kuelewa kwa kuwa ni mwanaume. Mimi wakati mwingine naona tulitumika, halafu nafikiri sisi je, si tulikwenda kumtumia yeye? Angalau yeye alitupa chai ya jioni.

Baada ya mwaka hivi yule binti wa kahawa alinitafuta, bibi anaomba ile kaseti, kuna shauri limefika baraza la ardhi la kata. Nikampigia bosi, bosi kasema kaseti zote zilikwenda Kariakoo pamoja na masta, ile nakala kuu ya muvi, msambazaji kasema yeye alichukua masta tu, zile za kushutia ukiwa na bahati hazijarekodiwa harusi juu yake. Nikahangaika, nikaishia hewani.

Wiki ile ile akanipigia mpwa wa bibi, yule jamaa wa bodaboda. Mpole safari hii, kaka habari za siku, kaka za kazi. Anauliza kama kaseti ipo, na kwa sauti yake sikuweza kujua anataka ionekane au ipotee. Nikamwambia muulize bosi. Akakaa kimya kidogo, halafu akasema, "Lakini wewe ulikuwepo. Kwani siku ile shangazi alitaja mipaka?"

Nikamjibu kaka ni muda, sikumbuki vizuri. Kisimani, mkwajuni, njia ya pwani, hata leo nakutajia bila kupumua.