Ua la asumini, na buluu iliyotoroka

Leo asubuhi nimekwangua vipande arobaini vya sabuni, na mpaka saa hizi kucha zangu zinang'aa dhahabu. Mwanangu mdogo aliponiona akauliza, "Mama, umeshika jini?" Ni maika tu, ile poda inayometameta ambayo watu wanaijua zaidi kwenye rangi za kope. Hizi ni sabuni za harusi: nyeupe, za mafuta ya nazi na alizeti zenye harufu ya karafuu, na kila moja ina ua la asumini la dhahabu katikati.

Anayeliona hudhani nimelichora kwa brashi nyembamba na roho tulivu. Wala. Maika nimeikoroga na spiriti, nikaipaka ovyo, ikajaa ndani ya ua na kumwagika nje kila upande. Spiriti ikaruka, poda ikabaki. Sabuni nikaiacha wiki nne ikomae, ndipo leo nikapita juu yake kwa kisu cha kumenyea viazi. Iliyokuwa juu imeondoka, pamoja na ule utandu mweupe kama jivu ambao sabuni hufanya ikipigwa na hewa. Iliyojificha ndani ya mistari imebaki.

Muhuri wa kubonyezea ua kwenye sabuni nilichongewa na fundi wa milango, Mji Mkongwe. Nilimpelekea karatasi yenye ua, mnyororo wa kulizunguka kama ule wa kwenye fremu za milango, na chini yake neno KARIBU. Mzee akaishika karatasi mbali na macho, akacheka.

"Mwanangu, huu muhuri au mlango wa kasri?"

Nikang'ang'ania. Akachonga vilevile karatasi ilivyo, na mimi mwenyewe niliyechora sikukumbuka kwamba muhuri hutoa kinyume. Kipande cha kwanza kikasoma UBIRAK, herufi zote zimenipa mgongo. Mnyororo nao ulikuwa mwembamba mno, ukang'oa sabuni badala ya kuacha alama. Nilirudi kwa mzee na kashata na aibu zangu. Wa pili ni ua peke yake, wa mti wa mfenesi, mistari minene kama njiti ya kiberiti, kina chake milimita 3 hivi. Wa UBIRAK ninao bado, mwanangu anaubonyezea unga wa maandazi.

Kubonyeza kwenyewe kunataka wakati wake. Sabuni ya nazi tupu haina subira: ikipita saa kadhaa tu imekuwa jiwe, ukigonga muhuri inapasuka pembeni. Ndiyo maana nachanganya na alizeti. Nakata kesho yake, halafu naingojea hadi nikiigusa iwe kama muhogo uliochemshwa ukapoa, inabonyea lakini hainati kidoleni.

Rangi ndiyo iliyonitesa. Nilianza na za jikoni, maana nilitaka kila kitu kitoke soko la Darajani. Manjano niliyakoroga na maji nikayapaka kwenye sabuni ya siku moja, yakageuka wekundu wa kutu mbele ya macho yangu. Sabuni mbichi bado ina ukali wa kostiki, ile dawa inayogeuza mafuta kuwa sabuni, na manjano yakikutana na ukali huo huwa mekundu. Zile nilizokuja kutia manjano kwenye rojo lenyewe la sabuni zilitoka rangi nzuri ya chungwa, nikazipanga dirishani nizitamani, na jua likaila rangi yote.

Kisha nikajaribu buluu ya maji, ile ya keki. Jioni ile ua lilikuwa safi, nikalipiga picha nikaituma kwa kila shoga yangu. Baada ya siku tatu rangi ikaanza kusambaa pembeni. Wiki ya pili halikuwa ua tena, lilikuwa jicho lililopigwa ngumi. Rangi ya keki huyeyuka majini, na sabuni mbichi ina maji ya kutosha kuitembeza. Maika haiyeyuki, hukaa pale ulipoiweka. Kuna aliyenishauri nitumie buluu ya kufulia. Shoga, hii ni ya mwili wa bi harusi, si shuka!

Kwa ua la rangi iliyojaa kabisa natumia koni ya hina, maana kazi yangu ya kwanza ni kupaka hina na mkono umeshazoea. Mabaki ya kukatia nayaponda na maji ya moto kidogo mpaka yawe rojo, natia maika, naminya ndani ya mistari. Likikauka linasinyaa na kuacha nyufa, kwa hiyo kesho yake narudia, kisha nakwangua. Rangi ya hivi hudumu bafuni siku nyingi. Ile ya kupaka huondoka kwa maji ya mara mbili tatu, nami humwambia mteja kabla hajatoa pesa, kwa sababu mmoja alinirudia na kipande kilicholowa akidai dhahabu yake.

Ami yangu alipokuja kutoka Maskati aliniletea sabuni ya Aleppo, ile ya zeituni na mlaureli, imepigwa muhuri wa Kiarabu. Nje ni kahawia ya dhahabu, ukiikata ndani kijani. Hakuna aliyeipaka, ni miezi ya kukaa kwenye hewa tu. Niliona wivu kidogo.

Hapa kwetu hewa haina ukarimu huo, hasa masika. Gliserini iliyomo ndani ya sabuni huvuta unyevu, sabuni ikatoka jasho, na tone moja likiteremka juu ya ua linachukua dhahabu nalo. Harusi ni Ijumaa. Mvua haijakatika tangu jana. Nimezipanga zote kwenye tray chumbani, feni inazunguka, dirisha nimelifunga, na kila nikipita naigusa moja kwa mgongo wa kidole.