Masikio makali, macho yana ukungu

Kila nikipiga picha ya mtu kwa f/2 (tundu la lenzi wazi sana, eneo linalotoka kali ni jembamba) kutoka mita moja, masikio yalitoka makali, macho yana ukungu. Kamera ni ya renjifainda: unazungusha pete mpaka picha mbili dirishani zilaliane. Nilishalaumu lenzi, filamu, hata macho yangu.

Mwishowe nikaifunga lenzi hiyohiyo ya milimita 50, kwa adapta, kwenye kamera ya kidijitali isiyo na kioo cha kuakisi ndani (mirrorless). Ile mistari myekundu inayotokea skrini kuonyesha fokasi ilipo sikuiamini. Kwa f/2 hupaka rangi uso mzima. Nikakuza picha kwenye skrini ya nyuma mara 10 nikalenga kope. Zikatoka moja moja.

Basi lenzi ni nzima. Nikarudi kwenye renjifainda, nikalenga mnara wa simu ulio mbali: pete imefika mwisho, pale picha mbili zinapopaswa kulaliana, bado hazijakutana. Kosa ni la kamera. Nikageuza skrubu ya kile kigurudumu cha ndani ya kamera kinachoguswa na lenzi, kiduchu tu, nikajaribu, nikageuza tena. Mara ya nne zikalaliana.

Mtaani bado nabeba renjifainda, ni nyepesi kulenga. Picha za karibu nimeziachia ile nyingine.