Nilivyochagua begi jepesi la safari za milimani za wikendi

Nilianza na mizani. Begi likaja baadaye. Kila mpanda milima ana begi lake analoliapia, na ukimsikiliza kila mmoja utazunguka madukani mpaka msimu upite. Mimi nilitaka kwanza kujua nabeba nini hasa. Nikamwaga sakafuni vyote ninavyokwenda navyo ninapolala nje usiku mmoja au miwili, nikachukua mizani ya jikoni, nikawa napima kimoja kimoja na kuandika. Vidogo ndivyo vilivyonishangaza. Kisu, tochi, chaja ya simu na nyaya zake, kipochi cha dawa, sabuni: ukikishika kimoja mkononi huoni uzito, lakini nilipovitia vyote kwenye mfuko mmoja vilikaribia uzito wa mfuko wangu wa kulalia.

Wanaopenda safari nyepesi hugawa mzigo mara mbili. Kuna uzito wa msingi, yaani begi lenyewe na vitu visivyopungua njiani: hema, mfuko wa kulalia, kigodoro, nguo za akiba, sufuria. Halafu kuna vinavyoliwa, vinavyonywewa na vinavyoungua: chakula, maji, gesi ya jiko. Kwa kawaida mtu huhesabiwa msafiri mwepesi uzito wake wa msingi ukiwa chini ya kilo 9, na waliokubuhu hushuka chini ya kilo 4.5. (Mipaka hiyo ni ya Wamarekani, paundi 20 na paundi 10, ndiyo maana kwa kilo inatoka na vipande.)

Vitu vyangu bila begi vilifika kilo 5 na nusu, baada ya kuviacha nyumbani vile vidogo visivyo na kazi. Chakula cha siku mbili ni kama kilo moja na nusu. Maji lita 2 ni kilo 2, hapo hakuna ujanja. Jumla kilo 9, na begi bado. Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua karibu kila kitu kilichofuata, kwa sababu inagusa swali kubwa kuliko yote kwenye mabegi mepesi: fremu au bila fremu?

Begi lisilo na fremu ni mfuko wenye mikanda, basi. Mengi yana gramu 400 hadi 600, na ukilishika dukani unatamani ulinunue hapohapo. Shida inaanza ukilijaza. Ili mkanda wa kiunoni ubebe mzigo, lazima kuwe na kitu kigumu kinachounganisha mkanda huo na sehemu ya juu ya begi. Kisipokuwepo, begi linajikunja katikati na kufupika, mkanda wa kiunoni unabaki pambo, na uzito wote unarudi mabegani. Wengine huweka kigodoro cha sponji ndani, kikiwa kimekunjwa kando ya mgongo, kiwe badala ya fremu, na kwa mzigo mdogo kinasaidia sana. Ila ukifika kilo 9 au 10 hivi, mengi ya mabegi hayo huanza kulegea. Mzigo wangu ulikuwa juu ya mstari huo kila ninapoondoka nyumbani, na ungeshuka chini yake siku ya pili, wakati chakula kimeshapungua na safari inakaribia kwisha. Nikaamua kutafuta fremu, lakini iliyo nyepesi kadiri inavyowezekana.

Watetezi wa begi bila fremu humtaja sana Emma Gatewood, bibi wa Kimarekani aliyetembea njia nzima ya milima ya Appalachian, huko Marekani, mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na mfuko wa kitambaa cha jinzi alioushona mwenyewe na kuuning'iniza begani. Ni kweli, na ni habari ya kutia moyo. Wanachosahau kukitaja ni kilichokuwa ndani ya mfuko ule. Hakubeba hema, alikuwa na pazia la plastiki la bafuni la kujikinga na mvua. Hakubeba mfuko wa kulalia. Alikuwa na blanketi. Mfuko ulimtosha kwa sababu mzigo ulikuwa mdogo mno. Mimi blanketi na pazia sijafikia huko.

Upande wa pili yupo Dick Kelty, ambaye mwaka 1952 alianza kuuza mabegi yenye fremu ya alumini huko California. Husimuliwa kwamba yeye na mwenzake, wakiwa safarini katika milima ya Sierra Nevada, walichomeka ncha za fremu zao kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, na papo hapo mabega yakapumua. Mkanda wa kiunoni unafanya kazi hiyohiyo mpaka leo. Fremu za sasa si lile dude la mabomba lililotokeza juu ya kichwa. Nyingi ni kijiti kimoja au viwili vya alumini vilivyofichwa ndani ya mgongo wa begi, uzito wake gramu 100 hivi. Unaweza hata kukichomoa ukakipinda kidogo kifuate mgongo wako.

Sasa mgongo wenyewe. Kimo chako peke yake hakikuambii urefu wa mgongo, na saizi ya begi hufuata mgongo. Nilimwita rafiki yangu anishikie futi ya fundi cherehani. Namna ya kupima ni hii: inamisha kichwa mbele, na pale shingo inapokutana na mabega utapapasa pingili moja iliyojitokeza kuliko zingine. Futi inaanzia hapo. Kisha jishike kiuno, viganja vikae juu kabisa ya mifupa ya nyonga na vidole gumba vielekee nyuma. Piga mstari wa mawazo kati ya gumba na gumba. Pale mstari unapokata uti wa mgongo ndipo futi inapoishia.

"Acha kujivuta, kaka, hapa hatupimi suti," akaniambia, maana nilikuwa nimetutumua kifua. Ukijinyoosha kupita kiasi unapata saizi ya mtu mwingine. Nilipolegea, futi ilisoma sentimita 46. Tukageuziana. Yeye ananizidi kimo kwa kichwa kizima, lakini mgongo wake ulinizidi sentimita moja tu. Urefu wake wote uko miguuni. Angenunua saizi kubwa kwa kujitazama kwenye kioo, mkanda wa kiunoni ungemkalia makalioni.

Ujazo nao niliupata nyumbani. Nilipanga vitu vyote kwenye boksi la kadibodi, pamoja na chakula, nikavibana kama ninavyobana begini, nikapima pande tatu kwa sentimita. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita. Langu lilikuwa 40 kwa 30 kwa 32, yaani lita 38 na kitu. Kwa usiku mmoja au miwili, wengi wenye vifaa vyepesi hutoshewa na lita 30 hadi 45, hivyo sikuwa nje ya kawaida. Ila angalia lita za kwenye lebo zimehesabiwaje. Watengenezaji wengine hujumlisha mifuko ya nje, wengine huhesabu tumbo la begi peke yake, kwa hiyo mabegi mawili yaliyoandikwa lita 40 yanaweza yasilingane hata kidogo. Ndiyo maana nilikwenda dukani na vitu vyangu vyote kwenye gunia. Ndiyo, watu walinitazama.

Muuzaji alinivalisha begi la kwanza likiwa tupu. "Hili utasahau kama umelibeba, kaka." Kweli sikuhisi kitu, kwani hamkuwa na kitu. Nikamwomba kwa adabu aniruhusu nijaze, na nashukuru hakukunja uso. Nilipanga kama ninavyopanga safarini: mfuko wa kulalia chini kabisa, vizito kama chakula na maji katikati kandokando ya mgongo, nguo zikijaza nafasi zilizobaki, koti la mvua juu.

Kuvaa begi kuna utaratibu, na ukiuruka hutajua begi likoje. Legeza mikanda yote kwanza. Funga mkanda wa kiunoni, ukikaa juu ya mifupa ya nyonga yenyewe, usiwe tumboni. Ndipo uvute mikanda ya mabegani, mpaka ishike bila kukandamiza. Kisha vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye begi, ambavyo huvuta sehemu ya juu ya mzigo ije karibu na wewe. Vikiwa vimelala kabisa au vinaelekea chini, begi ni fupi kwako. Mkanda wa kifua mwisho, na usiubane sana, upumue. Baada ya hapo nililegeza kidogo mikanda ya mabegani, nikapitisha vidole chini yake. Kwenye begi zuri vidole vilipita kwa urahisi na mzigo ukabaki palepale kiunoni. Kwenye begi lingine, jepesi zaidi kwa gramu 300, lilining'inia nyuma mara moja na kunivuta shingo. Gramu 300 hizo nilikuwa nazilipa kwa mabega.

Nilipanda na kushuka ngazi za duka nikiwa nalo muda wa kutosha kumchosha muuzaji. Dakika tano hazitoshi. Pa kuchubua hapaonekani mapema. Inua goti juu uone kama mkanda unagonga paja. Tazama juu kama unayetafuta kilele uone kama kisogo kinagonga begi.

Nilijaribu pia mgongo wa wavu, ule uliotandazwa mbali kidogo na begi ili hewa ipite. Jasho lilipungua kweli. Lakini wavu ule unausogeza mzigo nyuma kwa sentimita kadhaa, na kwenye mteremko niliuona unanivuta. Fremu yake ya kuukaza nayo ina uzito. Anayetoka jasho jingi huenda akauona una thamani. Mimi nilichagua sponji na mgongo uliolowa.

Kitambaa kilinichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kwenye lebo utaona namba kama 70, 100, 210 au 420, na hizo ni denia: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa, uzi mnene. Chini ya 100 ni kwa mtu anayelitunza begi na asiyepita kwenye miiba. Nailoni ya 210 niliiona inatosha, na nilitafuta begi ambalo sehemu ya chini, ile inayobwagwa juu ya mawe, ni nene kuliko mbavu. Kuna pia kitambaa cha Dyneema, asili yake matanga ya mashua za mashindano; hakinywi maji, ni chepesi ajabu, na bei yake inakata pumzi. Msuguano wa mara kwa mara hakiupendi kama nailoni nene inavyouvumilia. Nikakiacha bila majuto.

Geuza begi nje ndani kabla ya kulipa. Hapo ndipo utaona kazi ya mshonaji. Nilitazama pale mikanda ya mabegani inaposhikana na mwili wa begi: mshono wa zigizaga uliorudiwa mara nyingi mahali pamoja, au mstari mmoja tu wa uzi? Kitambaa kisichopigwa ukingo ndani kitaanza kufumuka. Na kama begi limekaa dukani au stoo muda mrefu, papasa utando wa ndani. Ukinata kama lebo iliyobanduliwa, utando wa kuzuia maji umeshaanza kuoza, hautengenezeki.

Kuhusu mvua sikuhangaika na koti la begi. Upepo huling'oa, na maji hupita mgongoni hata likiwepo. Mfuko mnene wa takataka ndani ya begi, mdomo ukikunjwa na kusokotwa, huviacha vitu vyote vikavu kwa gramu chache. Kwa sababu hiyohiyo nilipendelea begi la mdomo wa kukunja, lisilo na kifuniko na zipu kubwa. Zipu ikikwama nje, na giza linaingia, huna begi. Mifuko ya pembeni niliijaribu kwa chupa: nikiwa nimelivaa, niliweza kuitoa na kuirudisha bila kumwita mtu. Mabegi mengi mazuri yanashindwa hapo. Rangi ilikuwa kijivu kwa sababu ndiyo iliyokuwepo.

Begi nililolichukua lina gramu 950, lita 42, kijiti kimoja cha alumini na saizi ya kati. Lilikuja na vikorokoro: vitanzi vya kuning'iniza shoka la barafu nisilokuwa nalo, kamba za mapambo, mikanda mirefu inayopepea. Vitanzi nilivifumua. Mikanda niliikata, ila si kabla ya kulivaa begi juu ya koti zito la baridi na kulikaza, maana kiuno chenye koti ni kiuno kingine. Nikaacha ziada ya upana wa kiganja kila upande. Ncha nilizipitishia moto wa kiberiti zikayeyuka na kujifunga, zisifumuke, kisha nikazikunja na kuzishona pindo nene ili zisichomoke kwenye klipu.