Neno "Tu" Lilivyokuwa Likila Faida Yangu

Nililelewa nikiambiwa kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza, na kwa miaka minne ya kwanza ya kuuza viatu vya ngozi katika soko la Kariokor jijini Nairobi niliishika methali hiyo kama sheria. Nilipanga ndara zangu mezani, nikazipangusa vumbi, kisha nikaketi kigodani kusubiri ubora wa kazi ufanye yaliyobaki. Anayelijua soko hilo atacheka. Kushoto kwangu kuna mzee anayeshona ndara za shanga, kulia kuna kijana anayeshona ndara za shanga, na ng'ambo ya kijia kuna akina mama watatu ambao, bila shaka umekwisha kubahatisha, hushona ndara za shanga. Mahali kama hapo chema hakijiuzi. Hukaa mezani hadi ngozi ikapauka.

Siku iliyonizindua alikuja bwana mmoja aliyekuwa akitafutia duka la hoteli bidhaa. Aliokota jozi moja, akaikunja soli, akauliza, "Mama, hii biashara ni yako?" Nikamjibu, "Ni kabiashara kadogo tu, najaribujaribu." Akauliza bei. Nikasema, "Elfu moja na mia mbili, lakini tunaweza kuongea," na kabla hajafungua kinywa nikaongeza, "hata mia tisa nitakupa." Hakuwa ameomba apunguziwe. Alinunua jozi mbili kwa mia tisa kila moja, akaniaga kwa adabu, kisha akaenda kuweka oda yake kubwa kwa kijana wa kulia, ambaye viatu vyake, nasema haya bila husuda, vina gundi inayoonekana pembeni.

Jioni hiyo yule mzee wa kushoto, aliyekuwa amesikia kila kitu, aliniuliza bila kuniangalia usoni: "Binti yangu, jozi moja inakugharimu pesa ngapi?" Sikuwa na jibu, nami nadhani hapo ndipo woga wangu wote ulipokuwa umejificha. Nilichukua daftari la mwanangu la hesabu nikaandika. Ngozi, ambayo sisi hununua kwa futi ya mraba, ilinila shilingi 280 kwa kila jozi; soli 150; gundi na uzi 60; shanga 120; ujira wa msaidizi wangu 200; na fungu la kodi na umeme 70. Jumla ilikuwa 880. Kwa hiyo ile mia tisa niliyoitoa kwa moyo mkunjufu iliniachia shilingi 20, na kazi ya mikono yangu mwenyewe sikuwa nimeiandika popote.

Watu wengi wakizungumza juu ya kujiamini huzungumza juu ya sauti, mavazi na namna ya kumkazia mtu macho. Sivipuuzi, ila mimi havikunisaidia hadi nilipojua kwamba 880 ni 880. Mtu asiyejua gharama zake husema bei kama anayeomba radhi, kwa sababu moyoni hana hakika kama anamwonea mnunuzi au anajionea mwenyewe.

Baada ya hesabu niliugeukia ulimi. Niliweka simu juu ya kopo la gundi, nikajirekodi nikijieleza kwa muda wa dakika moja, kisha nikasikiliza. Nilisema "tu" mara saba. Nilisema "kabiashara," "kakibanda" na "kamashine," kwa kile kiambishi cha "ka" ambacho sisi wa Nairobi hukibandika kwenye chochote tunachotaka kisionekane kikubwa mbele ya watu. Naijua asili ya tabia hiyo: ni unyenyekevu, na ni kinga dhidi ya kijicho, kwani anayejitapa hutafutiwa mahali pa kuangushia. Lakini mnunuzi hakuwa na haja ya unyenyekevu wangu. Alitaka kujua kama ninaweza kumpelekea jozi hamsini kwa wakati, nami nilikuwa nimemwambia, kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba siwezi.

Nilirekodi tena, na tena, kwa wiki nzima, hadi nikapata sentensi tatu ambazo ningeweza kuzitamka nikiwa na usingizi: ninashona viatu vya ngozi ya ng'ombe hapa Kariokor; ninatoa jozi arobaini kwa wiki; kila soli hushonwa kwa uzi baada ya kugundishwa, na ikifunguka ndani ya miezi sita ninaishona upya bila malipo. Hakuna majigambo hapo, kwa kuwa yote ni mambo ambayo mtu anaweza kuyachunguza.

Jambo jingine lililonisumbua ni lugha. Nilidhani mfanyabiashara wa kweli hujieleza kwa Kiingereza, basi kila alipokuja mtu mwenye tai nilikirukia Kiingereza, nikakwama katikati, nikaonekana mtu asiyejua kazi yake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 7, imekitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na bado tunakiona kama lugha ya kupatania bei ya sukuma wiki. Isitoshe, jina la soko letu lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliolibebea jeshi la Waingereza mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na wazee wetu walilitamka walivyopenda hadi ramani zikaandika Kariokor. Siku hizi huanza kwa Kiswahili, na mteja akitaka lugha nyingine atanionyesha.

Yule bwana wa hoteli alirudi baada ya miezi mitano. Alipouliza bei nilisema, "Elfu moja mia tatu," kisha nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kule kunyamaza. Alikigeuza kiatu, akaupitisha ukucha juu ya mshono, akatazama meza ya jirani, akarudi kwenye mshono, nami muda wote huo nilikuwa nimeuma ulimi nisije nikasema "lakini." Mwishowe aliuliza nitamfanyiaje akichukua jozi sitini. Nilimpunguzia shilingi 50 kwa kila jozi, nikaomba nusu ya malipo kwanza kupitia M-Pesa, na simu ikalia akiwa bado amesimama pale.

Usidhani nimepona kabisa. Jumapili iliyopita, nje ya kanisa, shemeji yangu aliniuliza siku hizi ninafanya nini, nikamjibu, "Nashona viatu tu." Binti yangu wa gredi ya sita, aliyenisikiliza nikijirekodi wiki nzima, aliinua kidole kimoja kuhesabu.